Pingamizi la Majirani wa Mama

Kila asubuhi mama yangu hutundika kanga nyekundu kwenye kamba ya uani, upande unaotazama barabara. Kanga yenyewe ni kavu. Haijafuliwa wala haijanyeshewa, na ikifika jioni anaianua ikiwa kavu vilevile, anaikunja na kuiweka juu ya friji. Nilimwuliza mara mbili kwa nini anaanika kitu kikavu, na mara zote mbili jibu lilikuwa moja: "Wewe na maswali yako."

Ni kweli nina maswali. Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni kupokea mafaili, kuyapa namba na kuyarudisha kabatini, na sitajifanya mtakatifu hapa, huwa nayasoma kwanza. Jalada lililofungwa linanisumbua siku nzima. Kwa hiyo ile kanga ilinikera, lakini mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa maisha yake yote ya kazi, na anajua namna ya kumnyamazisha mtoto anayenyoosha kidole mara nyingi mno.

Anaishi Toangoma, pembeni kabisa mwa Temeke, kwenye ekari mbili ambazo marehemu baba alizinunua wakati kule kulikuwa na mikorosho tu na nyumba za kuhesabu. Wote wawili walikuwa walimu, wametoka Mbinga, na waliona haiwezekani mtu akaishi mahali asipoweza kupanda chochote. Wakajenga nyumba ya vyumba vitano katikati ya mihogo. Sasa mji umewazunguka pande zote, ila ndani ya ule uzio wa minyaa bado kuna mihogo, mapapai, kuku, na mama. Kaka yangu na mimi tuko Tabata. Kwenye ukuta wa nyumba ya mama, kwa rangi nyekundu, kumeandikwa SHAMBA HILI HALIUZWI, TAPELI USIJISUMBUE. Majirani ndio waliomwandikia hayo maneno, baada ya mtu mmoja mwenye tai kukutwa akiwapimia wateja lile shamba kwa hatua za miguu wakati mama yuko kanisani.

Mwaka juzi mama alianguka karibu na banda la kuku. Goti likavimba, miwani ikapasuka, na presha yake ikapanda. Sisi tuliambiwa kwamba kuna mtu alipita akamwona. Hilo neno "alipita" lilimkaa kaka yangu kooni. "Na asingepita?" aliniuliza, kisha akauliza tena, na kila nilipokutana naye mwaka ule aliniuliza. Akapaka chumba kimoja nyumbani kwake rangi ya maziwa, akanunua kitanda, akaweka televisheni ukutani, akamleta mama. Mama alikaa wiki mbili akitazama ukuta wa jirani dirishani. Wiki ya tatu alisema anakwenda mara moja kuangalia kuku, na hakurudi.

Wazo la kulaza wageni lililetwa na kwaya. Ilikuja kwaya kutoka bara, na kama ilivyo desturi parokia ikawagawa wanakwaya kwenye nyumba za waumini. Mama alipewa akina mama sita. Walilala kwake siku nne, wakanywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha iliyong'olewa palepale, wakaamka na jogoo. Siku ya kuondoka mmoja wao alimwambia kwamba kuna watu wanatafuta mahali kama hapa mjini na wangelala kwa kulipia, mradi kuwe na kitanda, choo kizuri na chai ya asubuhi. Mama akanipigia simu hata basi la kwaya halijapita Kongowe.

Kaka alisikiliza, kisha akaweka masharti yake. "Sawa, mama. Shida yangu mie ni wewe kukaa peke yako porini. Ukipata kibali halali, nyumba ikawa na watu, kaa. Ila Pasaka ikifika hujapata, unahamia Tabata, na hatubishani tena."

"Nimekubali," mama akasema, wakapeana mikono.

Basi nikachukua likizo yangu nikawa mtu wa kufuatilia karatasi. Wengine wangeona ni adhabu. Mimi nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kuuliza. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji aliyehamia karibuni alitugongea muhuri bila maneno mengi, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amesafiri msibani. Kata wakagonga wa kwao. Tukafika kwenye meza ya ardhi kule manispaa, tukakuta afisa ambaye ni binti mdogo tu, mwenye kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mama," akamsalimia, kisha akatufungulia ramani. Niliinamia ile ramani mpaka karibu niiguse kwa pua. Pande zote kulikuwa na viboksi vidogo vidogo vya nyumba za watu, na katikati doa la kijani. Nikatafuta nyumba yetu. Haikuwepo. Chumba nilichougulia surua, jiko, baraza ambalo baba alilisakafu kwa mikono yake, vyote havikuwepo. Kwa serikali sisi tulikuwa rangi ya kijani tu.

"Mama, hapa ni shamba," afisa akaeleza. "Shambani analala mkulima na watu wake. Mgeni anayelipa, hiyo tayari biashara."

"Na mgeni akila muhogo wa hapohapo pamoja na mkulima?"

"Atakuwa ameshiba vizuri, mama, lakini bado ni biashara." Wakacheka wote wawili. Akatuambia kwamba si lazima kuligeuza shamba lote, inawezekana kuomba kipande chenye nyumba peke yake kibadilishwe matumizi, shamba libaki shamba. Ila tangazo lazima libandikwe palepale mahali, lenye jina la mwombaji, ili mwenye pingamizi alilete ofisini. Baada ya hapo kikao kikae, kisha watu wa afya, wa zimamoto, na leseni. Nilimwuliza kwa nini kijani, kwa nini si rangi ya muhogo, na ni nani aliyepaka. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jina la mama lilipochapwa kwenye tangazo nililisoma kwa sauti ili kuhakiki herufi, yote matatu, la ubatizo, la babu na la ukoo. Nilijisikia ajabu. Sikumbuki kama niliwahi kulitamka jina la mama yangu kabla ya siku ile, na nilimtazama kwa woga, kama vile ningechapwa. Yeye alikuwa anasugua miwani yake iliyounganishwa kwa gundi, hana habari.

Tangazo likapigiliwa misumari kwenye mti wa mkorosho ulio mlangoni, hatua chache kutoka kwenye yale maandishi ya HALIUZWI. Mama hakumwambia mtu. Hapa Dar watu ndivyo walivyo, jambo lako unalifanya kimyakimya mpaka likamilike, ndipo watu wanaona bango limesimama. Alifikiri pia kwamba aliyetaka kujua atasoma, maana tangazo lilikuwa wazi. Kila siku alipita mbele yake akienda dukani kununua sukari, akasalimia watu, akarudi.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kufika Pasaka, afisa wa ardhi akanipigia. "Dada, kuna pingamizi limeletwa. Ni moja tu, lakini lina sahihi arobaini na moja."

Niliona aibu kumwambia mama, nikamwambia kaka kwanza, na kaka akamwambia mama. Nilikuwepo. Kaka hakufurahi, siwezi kumsingizia, lakini alisema, "Umeona, mama? Hata majirani zako wenyewe hawataki." Mama akauliza, "Nimewakosea nini?" Hakuwa anatuuliza sisi. Toka siku hiyo sukari akawa anaifuata duka la mbali, kwa goti lile, ili asipite kwa mzee wa duka la njiani, mzee wa Kiarabu ambaye familia yake imeuza unga na mafuta ya taa pale kabla hata baba hajanunua shamba. Jumamosi nilipokwenda nilimkuta anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Ile kanga ilikuwa kambani kama kawaida.

Nilipandwa na hasira ambayo sijui kama niliwahi kuwa nayo. Watu arobaini na mmoja! Waliokula mihogo yake, waliochota maji ya kisima chake bure bomba lilipokauka. Nilikwenda ofisini nikiwa nimejipanga kusoma kila jina na kulikariri. Afisa akasema mwombaji ana haki ya kuona pingamizi, akanipa faili, nami faili nalijua. Nikalifungua.

Barua ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka. Iliandikwa hivi:

"Sisi wakazi wa mtaa huu tunapinga kwa nguvu zote ombi la mtu aliyetajwa kwenye tangazo. Mtu huyo hatumjui. Hajawahi kuonekana mtaani kwetu wala hana ndugu hapa, na tunaamini ni tapeli mwingine. Shamba hilo ni la Mwalimu, na nyumba ni ya Mwalimu."

Nikasoma tena. Nikaelewa, nikaanza kucheka peke yangu mpaka afisa akainua kichwa. Mama yangu pale mtaani ni Mwalimu. Akina mama wenzake humwita mama wa fulani, kwa jina la kaka yangu. Jina lake la cheti halijawahi kutamkwa na mtu pale mtaani, na hata baba alikuwa anamwita Mwalimu. Tumebandika jina la mtu asiyejulikana kwenye mkorosho wake, majirani wakaamka kumlinda dhidi yake mwenyewe. Sahihi ya pili, chini ya ile ya mzee wa duka, ilikuwa ya mwenyekiti wa mtaa, aliyerudi kutoka msibani na kukuta tapeli amegongewa muhuri.

Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili, na hapo kicheko kiliniishia.

"Mwalimu ni mjane, lakini asidhani mtu yeyote kwamba yuko peke yake. Alikubaliana nasi tangu alipofiwa na mumewe. Kila asubuhi akiamka salama hutundika kanga nyekundu uani, na sisi wa dukani tunaiona. Saa moja ikifika kanga haijaonekana, mtu anatumwa. Siku aliyoanguka kanga haikuonekana, na kabla ya saa moja na nusu tulikuwa tumeshamwinua. Tangazo hili tumeliacha bila kumwambia, kwa kuwa ana presha na miwani yake imevunjika hawezi kulisoma, na hatutaki ashtuke. Tunaomba ofisi nayo isimwambie."

Nililia pale mezani. Afisa alichomoa kalamu moja kichwani, akairudisha, akaniuliza kama ningependa maji. Nikamwambia ningependa nakala.

Nilishukia moja kwa moja dukani kwa mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya mizani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mwalimu mzima? Siku hizi simuoni kabisa. Kanga naiona, yeye simuoni."

"Mzima. Mzee, naomba nikuulize kitu. Mwalimu jina lake nani?"

"Mwalimu?" Akafikiri. Akageuka akamwita mkewe aliyekuwa ndani. "Eti, mama wa fulani jina lake nani?" Sauti ikajibu kutoka ndani kwamba si ndiye huyo huyo mama wa fulani. Mzee akanitazama, na nikaona kitu kinaanza kumwingia taratibu. Nikamtajia majina yote matatu, na safari hii nilitamka vizuri bila woga.

Mzee alishuka kwenye kiti akakaa juu ya gunia la mchele. "Astaghfirullah! Tumempinga Mwalimu!"

Jioni ile ile walikuja, mwenyekiti mbele, mzee wa duka nyuma yake na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Mama aliwapokea kwa kununa mpaka nilipomsomea barua. Nilipofika kwenye kanga aliniambia basi, inatosha. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambulisho chake, kikapita mkono kwa mkono barazani, kila mtu akisoma na kumtazama yeye kama anayemwona leo.

"Miaka yote hii mnakula mihogo yangu," akasema, na sauti ilikuwa ya darasani, "hamjui jina langu?"

"Tusamehe, Mwalimu," mzee wa duka akasema. "Lakini na wewe, unalijua langu?"

"Baba wa..." mama akaanza. Barazani pakazuka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwita baba wa fulani.

Walipoondoka nilimwuliza mara ya tatu. "Kwa nini hukutuambia habari ya kanga?"

"Mngesema nalindwa kama mgonjwa," akajibu. "Mngenichukua mapema zaidi."

Nakala nilimpelekea kaka Tabata. Aliisoma amesimama mlangoni, funguo za gari bado mkononi. Ukurasa wa pili aliurudia. Kisha akaingia kwenye kile chumba alichokipaka rangi ya maziwa, akakaa kwenye kitanda ambacho hakina mtu wa kukilalia, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumfuata kuchungulia. Alipotoka aliniuliza, "Mbona hatukuwahi kumwuliza ile kanga ni ya nini?" Nilikuwa na jibu langu la kujisifu tayari, nikaliacha.

Pingamizi liliondolewa na wale wale arobaini na mmoja, wakaandika barua nyingine yenye mwandiko ule ule. Lakini karatasi zina mwendo wake, na Pasaka ilifika kabla ya kibali. Tulikula pilau shambani. Mama alikuwa na wasiwasi mchana kutwa. Nilimwona anamtazama kaka kila anaposafisha koo. Yale masharti yalikuwa wazi na mikono ilipeanwa. Kaka alikula, akalala kwenye mkeka, jioni akaaga. Hakuyataja, na mama hakumkumbusha, ila boksi la vitabu lilibaki pembeni ya mlango vile vile lilivyofungwa.

Kibali cha kipande chenye nyumba kilitoka mvua za masika zikiwa zimeshakatika. Nilikwenda kuiona ramani. Sasa ndani ya kijani kuna kiboksi kidogo, na nilikigusa. Wakaja watu wa zimamoto, tukanunua mitungi ya kuzimia moto. Mwisho akaja afisa wa afya, mwanaume mpole mwenye mkoba wa plastiki, akakagua choo, vyandarua, jiko na tangi la maji. Kaka alikuwepo siku hiyo, ameleta bango lenye maneno MALAZI NA CHAI YA ASUBUHI, linasubiri kupigiliwa.

Kilichobaki kilikuwa kitabu cha wageni. Kila nyumba ya wageni inatakiwa kuwa nacho, kikubwa, kimepigwa mistari: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, atokako, aendako, sahihi. Mama hakukipenda tangu siku nilipokileta. Kwao mgeni anakaribishwa, anapewa maji, anakula, na habari zake atazieleza mwenyewe akitaka. Mimi nilikipenda mno. Kitabu kizima cha maswali, tena yameagizwa na serikali!

"Mwalimu, naomba ujaze mstari mmoja nione," afisa akasema. "Kama mfano tu. Wengi wanakosea."

Mama akavaa miwani yake mipya, akakaa mezani, akanyoosha kitabu. Sote watatu tukasimama tukimtazama. Akaandika tarehe. Akaandika jina lake, yote matatu, kwa ule mwandiko wa ubaoni, bila haraka. Kabila, Mngoni. Kazi, mkulima. Atokako, akaandika Toangoma. Kwenye aendako akatua, akainua macho akamtazama kaka yangu, kisha akaandika: Siendi.

"Hapo panatakiwa jina la mahali, Mwalimu," afisa akamwelekeza kwa upole. "Unaweza kuandika popote, ni mfano tu."

Mama hakushika kalamu tena. Kaka yangu aliinama akasoma ule mstari toka mwanzo hadi mwisho.

"Muache, afisa," akasema. "Amejaza sawa." Akachukua nyundo akaenda nje na bango.